Sahani, kamba na daftari: mwongozo kamili wa kupima uwazi wa maji Mwanza

Ukikaa kwenye mwalo wa Kirumba asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshashusha na watu wanadaiana hela, hukosi kusikia mtu akisema ziwa limechafuka. Mwingine atambishia: mwaka juzi lilikuwa baya zaidi. Mzee wa tatu atawarudisha utotoni kwake, alipokuwa akisimama maji yakiwa kifuani na akaona kokoto chini ya miguu. Ubishi huo haupati mshindi kwa sababu hakuna kati yao aliyeandika kitu.

Mwongozo huu ni wa wanaotaka kuandika: vijana wa mtaa, klabu ya mazingira ya shule ya sekondari, wanachama wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), au wewe na rafiki yako mwenye mtumbwi. Huhitaji maabara wala shahada. Unahitaji sahani ya kushusha majini mpaka isionekane, kamba, daftari, na moyo wa kurudi mahali palepale, saa zilezile, kwa mwaka mzima na zaidi. Kupima ni kazi ya dakika tano. Kurudi ndiko kunakowashinda wengi.

Tunapima nini

Uwazi wa maji ni kina ambacho jicho lako bado linaona kitu kilichozama. Vitu vitatu hulizuia. Cha kwanza ni tope linaloletwa na mito au kuchotwa na mawimbi kutoka chini. Cha pili ni mwani, vile viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea na kuyafanya maji yafanane na supu ya mlenda. Cha tatu ni rangi ya kahawia inayotoka kwenye majani yaliyooza, hasa karibu na vinamasi vya mafunjo. Sahani haikwambii ni kipi kati ya hivyo vitatu. Hilo utalijua kwa macho yako, na ndiyo maana daftari lina safu ya rangi.

Chombo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1865 Pietro Angelo Secchi, padri Mjesuiti wa Italia aliyekuwa mtaalamu wa nyota, alikuwa ndani ya meli ya Papa kwenye Bahari ya Mediterania akishusha sahani nyeupe majini na kuandika inapotea kwenye kina gani. Baadaye ile ya maziwa ilipunguzwa ikawa na upana wa sentimita 20 na kupakwa robo nyeusi, robo nyeupe, ili ionekane vizuri zaidi. Mpaka leo hakuna aliyeibadilisha sana. Nchini Marekani, tangu 1994, maelfu ya watu wa kawaida wamekuwa wakishusha sahani hizi kwenye maziwa yao na kutuma namba zao mahali pamoja, katika zoezi lililoanzishwa na mtaalamu wa maziwa Robert Carlson.

Kwetu habari yake si ndogo. Watafiti wa miaka ya 1920 waliiona sahani kwenye kina cha zaidi ya mita 5 mbali na pwani ya Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1990 mita moja hadi tatu ndicho kilikuwa cha kawaida. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani, mijini, na hata kwenye moshi na vumbi linalodondoka na mvua, vililisha mwani ukaongezeka.

Kuna samaki mmoja anayeeleza jambo hili kuliko grafu yoyote. Katika furu wa miamba ya Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke yuko anayeitwa *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu. Dume lake lina wekundu mgongoni. Ndugu yake wa karibu ana dume la buluu. Jike huchagua mume kwa rangi. Penye maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, koo hizo mbili hazichanganyiki. Penye maji mazito, kama kisiwa cha Luanso ndani ya Ghuba ya Mwanza, jike haoni vizuri nani mwekundu nani wa buluu, na samaki wamekuwa machotara wa rangi zisizoeleweka. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliliandika hilo mwaka 1997. Kwa hiyo mtu akikuuliza sentimita 50 za uwazi zina faida gani, unaye wa kumwonyesha.

Jambo moja lazima lisemwe kabla hatujaanza, na ulirudie kila unapowafundisha wengine: maji maangavu si maji salama. Vimelea vya kipindupindu havionekani kwa macho, na glasi ya maji meupe kabisa inaweza kuwa navyo. Usimwambie mama mwenye ndoo kwamba hapa panafaa kuchota kwa sababu sahani imeonekana mpaka mita mbili.

Kutengeneza sahani

Tafuta kitu bapa, kigumu, cha duara, chenye upana wa sentimita 20. Mfuniko wa ndoo ya rangi unafaa ukikatwa vizuri. Bati nene la fundi wa Makoroboi ni bora zaidi kwa kuwa halipindi. Chora msalaba katikati upate robo nne. Paka mbili zinazotazamana rangi nyeupe, mbili nyeusi. Rangi isiwe ya kung'aa. Inayong'aa inarudisha jua machoni na kukudanganya. Acha ikauke siku mbili, paka mara ya pili.

Toboa tundu katikati kabisa. Pitisha boliti yenye pete juu, kaza nati chini, na hapohapo chini funga uzito: kipande cha nondo, au jiwe lililosukwa kwa waya. Kilo moja na nusu hivi inatosha siku tulivu. Jaribu kwenye pipa la maji kwanza. Sahani ikizama kwa kulala upande, tundu haliko katikati, na hakuna ujanja wa kulisahihisha zaidi ya kutoboa upya.

Kamba ndiyo yenye matatizo

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu miezi mitatu ya kazi yangu mwenyewe. Nilinunua kamba ya nailoni, ile laini ya rangi mbili, nikaipima sebuleni ikiwa kavu, nikafunga fundo kila sentimita 10. Namba zikaanza kuniambia kwamba maji yanazidi kuchafuka mwezi hadi mwezi. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilikuwa nimepata habari. Siku moja mwenzangu akaiweka kamba sambamba na futi ya fundi. Mafundo yaliyokuwa ya mita mbili yalikuwa yameenda mpaka karibu mita mbili na robo. Kamba ilikuwa imevutika. Mimi nilihesabu mafundo, na sahani ilikuwa mbali zaidi ya nilivyodhani.

Tumia kamba isiyovutika: ile ngumu iliyosukwa wanayofungia maturubai, au pata utepe wa kupimia wa plastiki wenye nyuzi ndani na uufunge moja kwa moja kwenye pete. Kama ni kamba, iloweke usiku mzima, ining'inize na uzito wake, halafu ndipo upime. Anza kuhesabu kutoka kwenye uso wa sahani, si kwenye fundo la pete. Weka alama ya rangi isiyofutika kila sentimita 10, na alama nyekundu kila mita. Mafundo usifunge, yanafupisha kamba na yanajikaza kadiri siku zinavyokwenda. Mita 6 zinatosha kwa sehemu kubwa ya pwani yetu.

Kila miezi mitatu pima kamba upya ikiwa mbichi, na uandike tarehe ya kupima kwenye daftari.

Kuchagua vituo

Vituo vitatu vinavyotembelewa kila baada ya wiki mbili vinashinda vituo kumi vilivyotembelewa mara moja. Chagua kimoja karibu na mahali unapopashuku, labda mbele ya mdomo wa Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji. Chagua kingine mbali na hapo lakini bado pwani, tuseme upande wa Luchelele au Igombe. Cha tatu kiwe mbali na nchi kavu, kwenye maji ya kina, ili uwe na cha kulinganishia.

Kina cha kituo kiwe kikubwa kuliko uwazi unaoutegemea. Sahani ikifika chini ukiwa bado unaiona, hujapima uwazi. Umepima kina cha ziwa. Andika "imegusa chini, zaidi ya mita 1.6" na utafute mahali penye kina zaidi safari ijayo.

Simu itakupa nukta za eneo, ziandike. Lakini wavuvi wana njia isiyohitaji betri: panga alama mbili za nchi kavu zikae mstari mmoja, kwa mfano Jiwe la Bismarck na kona ya jengo lililo nyuma yake, kisha alama mbili nyingine upande wa pili. Mistari miwili ikikutana, umefika. Muulize mvuvi yeyote anavyorudi kwenye mtego wake usiku.

Usitue Saanane bila ruhusa. Kisiwa kile ni Hifadhi ya Taifa.

Kusema na watu kabla ya kushusha kitu

Mara yetu ya kwanza, mzee mmoja alitutazama kwa muda mrefu tukiwa na utepe na daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnapima kiwanja cha nani?"

Alikuwa na sababu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, na watu wengi wa pwani wanajua kwamba anayekuja na utepe leo, kesho huja na rangi nyekundu ya kuchora alama ya X kwenye ukuta. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa viongozi wa BMU wa mwalo huo. Eleza mnapima maji tu, waonyeshe sahani, mwache mmoja wao aishushe mwenyewe. Wajulishe pia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye ofisi yake hapa Mwanza, kwa barua fupi: sisi ni nani, tunapima wapi, tunapima nini. Barua hiyo itakusaidia siku namba zako zitakapotaka msikilizaji.

Usalama

Kila aliyemo kwenye mtumbwi avae jaketi la kuokolea, lililofungwa, si lililokaliwa. Kamwe usiende peke yako. Anayeinama kupima asiwe anayeendesha. Upepo wa ziwa huwa mdogo asubuhi na huzidi mchana. Ukiona wimbi limeanza kuvunjika na kuwa jeupe, rudi, namba itasubiri. Kwenye mafunjo na gugumaji fikiria mamba na kiboko kabla ya kufikiria sahani.

Halafu kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vimelea huwatoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa zilezile zinazofaa kupima. Kwa hiyo usiingie majini kwa miguu mitupu. Panda mtumbwi kwenye gati au mwambani. Ikibidi kukanyaga maji, vaa mabuti marefu. Ukilowa, jikaushe haraka. Na zahanati wakigawa dawa ya kichocho, nyinyi wapimaji muwe wa kwanza kwenye foleni.

Kupima, hatua kwa hatua

Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, siku isiyo na mawimbi makubwa. Kikundi chetu hupendelea saa 4 mpaka saa 6, kabla ya upepo. Chagua muda wenu na msiubadilishe.

1. Fika kituoni, shusha nanga polepole, subiri dakika chache ili tope la nanga litulie au lisombwe.

2. Kabla ya kugusa sahani, jaza sehemu ya juu ya daftari: tarehe, saa, kituo, majina ya wapimaji, jua au mawingu, upepo, mawimbi, mvua ya siku mbili zilizopita. Ukiacha haya mpaka nchi kavu utayabuni. Kila mtu huyabuni.

3. Vua miwani ya jua. Ya kusomea vaa kama kawaida.

4. Kaa upande wa mtumbwi wenye kivuli. Jua likiwa utosini kivuli hakipo; mwenzako akufunikie kwa mwavuli.

5. Shusha sahani taratibu, kamba ikiwa wima. Mkondo ukiivuta upande, ongeza uzito. Kamba iliyolala inatoa namba kubwa kuliko ukweli.

6. Sahani inapopotea kabisa, simama. Bana kamba kwa kibanio cha nguo hapo inapokutana na uso wa maji.

7. Ishushe kidogo zaidi, kisha anza kuivuta juu polepole. Pale inapoonekana tena, bana kwa kibanio cha pili.

8. Soma vyote viwili. Ikiwa imepotea kwenye mita 1.40 na kuonekana tena kwenye mita 1.20, uwazi ni wastani wake: mita 1.30. Andika namba zote tatu, si wastani peke yake.

9. Mpimaji wa pili arudie bila kuambiwa namba ya kwanza. Hili msilipuuze. Akishasikia "moja na thelathini", jicho lake litaiona moja na thelathini. Mkitofautiana kwa zaidi ya sentimita 10, rudieni wote.

10. Iache sahani kwenye nusu ya kina ulichopata, utazame rangi ya maji juu ya robo nyeupe: kijani, kahawia, kijivu, buluu? Kama kuna utando wa kijani unaoelea kama rangi iliyomwagika, uandike, upige picha, na usiushike. Aina fulani za mwani huo hutoa sumu, na watoto na mifugo wasiachwe karibu nao.

Kama gugumaji limefunika kituo, usilisukume ili upime katikati yake. Andika limefunika sehemu gani, sogea mpaka maji yaliyo wazi, na uandike kwamba umesogea.

Mitoni na kwenye vijito

Mirongo hauna kina cha kushusha sahani, na Simiyu wakati wa mvua ungeondoka nayo. Huko tunatumia bomba: la plastiki au kioo angavu, urefu wa sentimita 60 au zaidi, limezibwa chini kwa kizibo cheupe kilichochorwa msalaba mweusi. Ubavuni bandika utepe wa sentimita, sifuri ikiwa kwenye msalaba.

Chota kwa ndoo safi katikati ya mkondo, ukiwa umeelekea maji yanakotoka, ili tope ulilotibua kwa miguu liende nyuma yako. Usikwangue chini wala usichote povu la juu. Ni salama zaidi kuchotea darajani kwa ndoo yenye kamba. Koroga sampuli, kwa kuwa mchanga hutuama upesi. Simama kivulini, mgongo ukiwa upande wa jua, tazama kutoka juu wakati mwenzako akimimina kidogo kidogo. Msalaba ukipotea, soma kimo cha maji. Bomba likijaa na msalaba bado unauona, andika "zaidi ya 60".

Wengine hutumia chupa za maji ya kunywa zilizokatwa na kuunganishwa. Nimejaribu. Viungo vinavuja na plastiki ina mikunjo. Inafaa kufundishia darasani, lakini sikuweka namba zake kwenye daftari.

Mtoni, safari zenye maana zaidi ni zile zisizopendeza: saa chache baada ya mvua kubwa. Mto unaweza kuwa mweupe wiki tatu na ukamwaga tope la mwezi mzima kwa jioni moja. Basi, pamoja na ratiba ya kawaida, pangeni nani atakwenda darajani mvua za vuli na masika zikinyesha, na akae darajani, asishuke bondeni.

Daftari

Liwe la jalada gumu, liandikwe kwa penseli. Wino na maji ya ziwa haviishi pamoja. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na uandike pembeni, usifute. Namba ya ajabu iache ilivyo na uandike unachodhani kilitokea. Jioni hiyohiyo piga picha ukurasa na uutume kwenye kundi la WhatsApp, halafu mmoja aingize namba kwenye jedwali la kompyuta. Kama hamkwenda, andikeni hamkwenda na kwa nini. Ukurasa mtupu usiojazwa kwa kubuni una heshima kuliko wastani uliopikwa.

Kusoma mnachopata

Msiseme neno hadharani kabla ya mwaka mmoja. Uwazi hupanda na kushuka kwa majira. Mvua huleta tope. Upepo wa kusini-mashariki wa Juni hadi Agosti hukoroga ziwa toka chini. Vipindi vya utulivu huacha mwani upande juu. Linganisha Machi na Machi ya mwaka uliofuata, usilinganishe Machi na Julai. Linganisha kituo cha jirani na mto na kile cha mbali cha siku hiyohiyo: vyote vikishuka pamoja, sababu ni ya ziwa zima, cha mtoni kikishuka peke yake, angalia mtoni.

Mwaka 1977 Carlson yuleyule alitoa kipimo cha kugeuza uwazi kuwa alama ya rutuba ya ziwa: mita 2 ni 50, mita 1 ni 60, nusu mita ni 70, na kila uwazi ukipungua kwa nusu, alama hupanda 10. Ziwa la zaidi ya 50 huhesabiwa kuwa limejaa rutuba. Lakini hesabu hiyo inadhani kinachozuia jicho ni mwani. Mbele ya mdomo wa mto, penye tope, itakudanganya; itumie kwenye kituo cha mbali tu, na pale safu ya rangi inaposema kijani.

Wala usitaje mkosaji. Sahani inaonyesha kwamba maji yamebadilika, haionyeshi nani kayabadilisha. Ukiona kituo kimoja kinashuka mara tatu mfululizo bila mvua, peleka kurasa hizo na picha kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Wao wana mamlaka ya kuingia ulikozuiwa wewe. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, walioko hapahapa Mwanza, nao wana faida na mlolongo wa namba zilizopimwa kwa njia moja, mradi mwambatanishe maelezo ya kamba, sahani na saa za kupima.

Grafu yenyewe ichoreni kwa mkono, kwenye karatasi ya manila. Kina kiende chini kama kinavyokwenda ziwani, ili mstari ukishuka maana yake sahani imeonekana mbali zaidi. Ukichora kinyume, kila mvuvi atakuuliza kwa nini ziwa lako limepinduka. Ibandikeni ukutani kwenye ofisi ya BMU, na upande wa kulia muache nafasi ya miaka miwili.